Maji Ndiyo Mgonjwa wa Kwanza

Samaki wa beta akianza kuugua, mwenye naye hukimbilia dukani kuulizia dawa. Anaeleza kwamba mapezi yamechanika, au samaki amelala chini hataki kula, na muuzaji humpa kichupa chenye maji ya buluu au vidonge vya kusaga. Kwa muda ambao nimewafuga na kuwauguza samaki hawa nimefikia msimamo ambao nataka kuutetea hapa: katika maradhi mengi yanayompata beta ndani ya nyumba, kinachougua kwanza ni maji, na samaki hufuata. Tiba isiyoanza na maji huchelewesha kupona, na mara nyingine humuua yule yule iliyekusudia kumponya. Sisemi dawa hazina kazi. Nasema nafasi yake ni ya pili, na wagonjwa wengi hupona kabla zamu yake haijafika.

Hoja hii haiwezi kueleweka bila kutazama namna samaki anavyotoa taka mwilini. Sehemu kubwa ya taka itokanayo na protini aliyokula haitoki kwa njia ya haja. Hupitia kwenye matamvua ikiwa amonia, usiku na mchana, hata wakati amelala. Mtoni amonia hiyo husambaa na kupotea. Ndani ya chupa ya lita mbili hubaki pale pale alipo, na chakula kilichozama kikioza huongeza nyingine juu yake. Tena amonia huwa na sura mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine ambayo ni sumu inayounguza matamvua na ngozi. Kinachoamua ipi itazidi ni joto la maji na kiwango chake cha pH. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia moja ya amonia yake katika sura ya sumu. Yakifika pH 8, ni zaidi ya asilimia tano. Ndiyo kusema samaki wawili wanaweza kuishi katika maji yenye amonia sawasawa, mmoja akawa mzima na mwingine akawa anaungua. Kinacholiokoa tangi lililokomaa ni bakteria wanaoishi kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na juu ya majani ya mimea. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi na mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Anayeosha sponji kwa maji ya bomba yenye klorini huwaua kwa wingi. Umeme ukikatika saa nyingi na maji yakaacha kupita kwenye kichujio, huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Na katika haya yote maji huendelea kuonekana meupe, hayana harufu wala rangi, na mwenye tangi huapa kwamba ni safi.

Sasa tazama ugonjwa unaowaleta wengi dukani, yaani kuoza kwa mapezi. Kingo za pezi hubadilika kuwa nyeusi au nyekundu, kisha hukatikakatika na kupungua siku hadi siku. Wanaolaumiwa ni bakteria kama Aeromonas na Pseudomonas, na ni kweli ndio wanaokula pezi hilo. Lakini bakteria hao wamo karibu katika kila tangi, la samaki mzima na la samaki mgonjwa. Hawakuingia jana. Kilichobadilika ni kinga ya samaki: ute unaofunika ngozi yake umeharibiwa na amonia, au baridi ya usiku imepunguza nguvu za mwili wake, au pezi limechanika kwenye ua la plastiki na jeraha likakaa katika maji machafu. Beta wa madukani ana udhaifu mwingine ambao ni kazi ya binadamu. Beta wa porini ana mapezi mafupi, lakini wafugaji wa Thailand, na baadaye wa nchi nyingine, wamemchagulia kizazi baada ya kizazi mapezi marefu na mazito ya kupendeza macho. Mapezi hayo humchosha kuyaburuta na hupasuka kirahisi. Kumtilia dawa ya kuua bakteria samaki wa namna hiyo bila kugusa maji ni kama kumpa dawa ya kikohozi mtu aliyelazwa katika chumba kilichojaa moshi wa mkaa. Pengine kikohozi kitapoa leo. Moshi upo.

Pingamizi kubwa ninalolisikia ni hili: beta ameumbwa kuishi katika maji mabaya. Huko kwao, katika bonde la mto Chao Phraya, huishi kwenye majaruba ya mpunga, mifereji na vinamasi, na wapo wanaosema humkuta hata kwenye maji yaliyotuama ndani ya unyayo wa nyati. Madukani hukaa kwenye kikombe kwa wiki kadhaa na hafi. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaowapotosha watu. Beta ana kiungo juu ya matamvua, kiitwacho labirinthi, kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Maji yakikosa oksijeni, samaki wengine hufa naye hubaki. Lakini kiungo hicho humletea oksijeni tu. Hakimwondolei amonia, ambayo bado lazima ipite kwenye matamvua na kumwagika katika maji yale yale. Kwa hiyo kinachomfanya aishi ndani ya kikombe ndicho kinachoficha mateso yake: samaki mwingine angekufa mapema na mwenye duka angeshtuka, beta huendelea kupumua huku akiungua. Na jaruba la mpunga, ingawa kina chake ni kifupi, halifanani na kikombe hata kidogo. Ni eneo pana, lenye tope na mimea inayonyonya amonia, lenye jua, mvua na wadudu wa kula, wakiwemo viluwiluwi wa mbu. Thailand, ambayo mwaka 2019 ilimtangaza beta kuwa mnyama wa taifa wa majini, haikumpa heshima hiyo kwa sababu anaweza kukaa ndani ya kikombe.

Basi uuguzi wenyewe ukoje? Huanza kwa kupima, na vifaa vya kupimia amonia, nitriti na pH ni ununuzi wenye maana kuliko dawa yoyote, maana bila hivyo mtu anabahatisha. Huendelea kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, robo au theluthi kila siku, wala si yote kwa mpigo. Wengi hudhani kwamba kama maji ni mabaya, kuyamwaga yote ni wema zaidi. Hapo ndipo hesabu ya pH inapokuwa suala la uhai. Maji ya zamani ndani ya chupa huwa na asidi zaidi, na amonia yake nyingi imo katika sura isiyounguza. Ukiongeza ghafla maji ya bomba yenye pH ya juu kwenye yale yaliyobaki, sehemu ya amonia hugeuka kuwa sumu kwa dakika chache, na samaki aliyekuwa mnyonge huanguka kabisa. Hata pasipo amonia, badiliko la ghafla la joto na chumvichumvi za maji humtikisa mgonjwa. Maji mapya yalingane joto na ya zamani, na yawe hayana klorini. Klorini ya kawaida huondoka yakiachwa wazi kwenye ndoo usiku na mchana mzima, lakini baadhi ya mamlaka za maji duniani hutumia kloramini, ambayo haiondoki hivyo, na hiyo huhitaji dawa ya kuondolea klorini. Maji ya kisima nayo yaangaliwe, kwani visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa nyingi.

Joto nalitaja peke yake kwa sababu wafugaji wetu wa nyanda za juu hulipuuza. Samaki hajitengenezei joto lake. Kasi ya damu yake, ya usagaji wa chakula na ya kinga ya mwili hufuata joto la maji. Beta hustawi kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa maji ya ndani ya nyumba hukaa hapo yenyewe karibu mwaka mzima. Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe mwezi wa Julai ni jambo jingine, na beta asiye na hita huko huzubaa, huacha kula, na mwenyewe hudhani ana ugonjwa wa tumbo. Nimeona mara nyingi kwamba kupandisha joto taratibu na kulituliza kunamrudishia samaki hamu ya kula kabla ya jambo lingine lolote kufanyika. Mgonjwa pia apunguziwe kina cha maji ili asisafiri mbali kufuata hewa ya juu, tangi lifunikwe ili hewa hiyo isiwe baridi, mkondo wa kichujio uwe hafifu, na taa isimwakie usoni. Chakula kisimame siku moja au mbili. Hapa huruma hutudanganya: tunataka mgonjwa ale ili apate nguvu, lakini samaki asiyeweza kusaga chakula hukitema au hukiacha kikaoza, na amonia hurudi. Aliyevimba tumbo kwa kufunga choo husaidiwa zaidi na kufunga kula kuliko kulishwa, na akianza tena apewe viroboto wa maji, ambao ni chakula cha asili kwa samaki mla wadudu.

Chumvi nayo ina mahali pake. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia bila kukoma kupitia matamvua na ngozi, na figo hufanya kazi ya kuyasukuma nje. Gramu moja hadi tatu za chumvi isiyotiwa kitu kingine katika kila lita hupunguza tofauti hiyo, na samaki mwenye ngozi iliyojeruhiwa hupata nafuu kwa sababu figo zake zinapumzika. Kloridi iliyo ndani ya chumvi, ambayo si klorini ya bomba inayoua, pia huzuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Chumvi ya haluli ni kitu tofauti na hutumika kwa aliyefunga choo au kujaa maji mwilini. Mtu asizichanganye kwa kuwa zote mbili ni nyeupe. Wala chumvi isigeuzwe kuwa mazoea ya kila siku kwa samaki mzima, na mimea mingi ya tangini haiipendi.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la kufurahisha katika tiba hii. Wafugaji wa Kusini-mashariki mwa Asia hutumia majani makavu ya mti ambao kwetu ni mkungu, ule ule wenye matawi yaliyopangika kama sakafu za ghorofa, unaotupa kivuli mitaani Zanzibar na Tanga na ambao kungu zake watoto huzipasua wapate kokwa. Jani lililokauka na kuanguka lenyewe, likioshwa na kuwekwa tangini, hutoa tanini zinazoyapaka maji rangi ya chai na kushusha pH kidogo. Maabara zimeonyesha kwamba dondoo za majani haya hudhoofisha aina fulani za bakteria. Sitaki kulikuza jambo hili. Katika maji ya kisima yenye chokaa nyingi pH haitashuka kwa maana yoyote, na jani moja haliponyi pezi lililooza hadi mfupani. Ninalolipenda katika jani la mkungu ni kwamba linafanya kazi kwa njia ninayoitetea: linayageuza maji yafanane na yale ambayo samaki huyu alitokea, kisha linamwachia mwili wake ufanye kazi. Yaokotwe mbali na barabara na mbali na palipopuliziwa dawa ya wadudu.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hoja yangu inaanguka mbele ya vimelea, maana kimelea hakiondoki kwa maji safi. Hapo nakubali sehemu. Madoa meupe kama punje za chumvi, yanayoletwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis, yanahitaji hatua kali, na vumbi la dhahabu lionekanalo kwa tochi juu ya mgongo wa samaki linahitaji dawa, mara nyingi ya shaba. Tazama, hata hivyo, dawa hiyo inampiga adui wapi. Kimelea cha madoa meupe kikiwa ndani ya ngozi ya samaki hakifikiki. Hukua hapo, huanguka chini, hujifunika, hugawanyika kuwa mamia, na mamia hao huogelea wakitafuta samaki mwingine. Ni wakati huo wa kuogelea tu ndipo dawa huwaua. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko wote huchukua chini ya wiki moja hivi, na katika baridi hurefuka sana, na ndiyo sababu joto hupandishwa ili viharakishe kutoka. Anayeacha dawa siku madoa yanapopotea ameacha wakati ule ambapo vimelea wengi wako chini ya changarawe wakijiandaa kurudi. Hata hapa, uwanja wa vita ni maji.

Ninalolipinga kwa nguvu ni desturi ya kununua vidonge vya tetrasaiklini katika duka la dawa za binadamu na kuvimwaga tangini kwa kukisia. Kwanza, dawa hiyo hushikamana na kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo katika maji yenye chokaa nguvu yake hupungua sana, na mtu huongeza kipimo bila kujua. Pili, antibiotiki huweza kuwaua bakteria wema wa kichujio pamoja na wabaya, amonia ikapanda, na samaki akafa siku chache baadaye huku mwenyewe akisema ugonjwa ulikuwa mzito. Tatu, maji hayo huishia mtaroni, na bakteria waliobaki hai ni wale waliozoea dawa tunayoitegemea kwa watoto wetu. Ikilazimu kutumia dawa, mgonjwa ahamishiwe chombo chake, atibiwe humo kwa kipimo kinachojulikana na kwa muda wote uliopangwa, na kichujio cha tangi kuu kiachwe salama. Mwenye jeraha mkononi asiutumbukize majini, kwa kuwa Mycobacterium marinum, bakteria anayewakondesha samaki, huweza kumwambukiza binadamu ngozi.

Wapo wanaoona mjadala wote huu ni anasa. Samaki ni wa bei ndogo, akifa utanunua mwingine, na duniani kuna wagonjwa wenye haki zaidi ya kushughulikiwa. Siwezi kulipuuza neno hili, kwa sababu linasemwa na watu wenye busara. Lakini muda na fedha za kumuuguza samaki mara chache huchukuliwa kutoka kwa mgonjwa wa kibinadamu. Huchukuliwa kutoka kwenye starehe zetu nyingine. Na anayenunua beta mwingine bila kutengeneza maji ananunua kifo kingine, kwa bei ile ile ndogo, hadi jumla yake izidi bei ya hita na sponji. Lililo zito zaidi ni suala la maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti. Waliodungwa sumu ya nyuki au asidi ya siki kwenye midomo waliyumbayumba, na waliodungwa asidi walisugua midomo yao kwenye changarawe. Wote wakachelewa kurudi kwenye chakula. Wako wanasayansi wanaopinga kwamba hayo ni maumivu kama yetu, wakisema ubongo wa samaki hauna tabaka ambalo kwa binadamu hupokea hisia hizo. Mimi nasimama na upande wa tahadhari. Kiumbe ambaye sisi ndio tuliomfungia ndani ya lita chache, akawa hana pa kukimbilia, anatudai uangalifu hata kabla wataalamu hawajamaliza kubishana.

Uangalifu huo una mpaka. Samaki akivimba hadi magamba yakasimama mwili mzima, kwa kawaida figo zimeshindwa kuyatoa maji, na walio wengi hawarudi. Chumvi ya haluli na maji safi hujaribiwa kwa siku chache, na wachache hupona wakiwahiwa. Zaidi ya hapo tunajihudumia sisi. Kumtupa chooni akiwa hai ni ukatili. Eujenoli, iliyo ndani ya mafuta ya karafuu, hutumika kuwapa samaki usingizi, na kipimo kikizidishwa usingizi huo hauna kuamka. Hiyo ndiyo njia ya upole, nayo zao lake tunalo Unguja na Pemba.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wauzaji na wanunuzi pamoja. Muuzaji, mwambie mteja habari za maji kabla hujampa kichupa cha dawa, na usimwambie kwamba beta anatosha ndani ya gilasi. Mnunuzi, anza na tangi la lita 20, kichujio cha sponji kinachopuliza taratibu, kipimajoto, na hita kama unaishi kwenye baridi. Liache lifanye kazi mwezi mmoja au zaidi likiwa na mimea na amonia kidogo ya kuwalisha bakteria, lipime mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri, ndipo uende kumchukua samaki.